Mchanaji Asiyepumzika: Namna ya Kuhakiki Kazi Zake Mpya

Kinyozi wangu wa pale Soweto, Mbeya, hajawahi kuniuliza kama albamu fulani ni nzuri. Huniuliza, "Kaka, nishushe zipi?" Ana bando la wiki, ana sabufa inayolia tangu saa mbili asubuhi mpaka usiku, na wateja wake hawavumilii wimbo uliopoa. Msanii akiachia nyimbo ishirini Ijumaa, yeye ana nafasi ya tano tu. Swali lake limenifundisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Huu ni mwaka wa sita nasoma tathmini za nyimbo mpya redioni kila Jumamosi, na bado kila ninapokaa na kalamu najiuliza: huyu bwana nimwambie ashushe zipi?

Kwa msanii anayetoa albamu moja kila baada ya miaka mitatu, mhakiki ana muda wa kupumua. Kwa mchanaji, yaani rapa, anayetoa kazi kila mwezi, ukichelewa wiki mbili tayari ametoa nyingine, na msikilizaji wako amezama katikati ya majina ya nyimbo ambazo hajui pa kuanzia. Hapo kazi yako ni kuchambua, kama mama zetu wa Uporoto na Umalila wanavyochambua viazi baada ya kuvuna. Vikubwa vinaenda sokoni. Vilivyokatwa na jembe vinapikwa nyumbani haraka. Vidogo vizima vinawekwa mbegu. Vilivyooza vinatupwa. Nitarudi kwenye hayo mafungu manne, maana ndiyo ninayotumia.

1. Jua kwanza kwa nini hapumziki

Wengi wetu tukiona mikstepu (mkusanyo wa nyimbo usio rasmi kama albamu) ya tatu ndani ya miezi mitano tunasema "anajichosha" kabla hatujabonyeza hata wimbo mmoja. Wingi si kosa, na si sifa pia. Ni namna ya kufanya kazi, na ina sababu zake.

Sababu moja ni hesabu za mtandaoni. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, kwa hiyo wimbo wa dakika mbili na wimbo wa dakika sita kila mmoja huhesabiwa mara moja. Nako Marekani, Desemba 2014, chati ya Billboard 200 ilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni: nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 zilichukuliwa kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa. Ukishalijua hilo, mambo mengi yanajieleza. Unaelewa kwa nini albamu zilivimba hadi nyimbo 20 na zaidi, kwa nini nyimbo zilifupika, kwa nini kiitikio kinaingia mapema hivyo, na kwa nini wiki moja baada ya albamu linakuja toleo lilelile likiwa limeongezewa nyimbo saba.

Lakini usiishie kwenye pesa. Kuna wachanaji ambao kutoa sana ndiyo mazoezi yao. Lil Wayne alimwaga mikstepu za bure kati ya 2005 na 2008, nyingi akichana juu ya biti, yaani midundo, za watu wengine, na albamu yake ya Juni 2008 ikauza zaidi ya nakala milioni moja nchini Marekani katika wiki ya kwanza peke yake. Future wa Atlanta alitoa albamu mbili ndani ya wiki mbili mfululizo, tarehe 17 na 24 Februari 2017, na zote mbili zikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza ya Billboard 200. Na sisi watu wa Mbeya hatuna haja ya kwenda mbali: Mr. II, yaani Sugu, alitoa albamu mfululizo tangu katikati ya miaka ya 1990 enzi za kanda, miaka mingi kabla hajachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Mtu aliyezisikiliza kanda zile kwa mpangilio alimsikia kijana anakua, sauti inakomaa, hasira inapata mwelekeo. Utamu huo huupati kwa msanii wa albamu moja.

2. Fungua daftari la msanii mmoja

Daftari la karatasi, la kurasa 96, linatosha. Chagua mchanaji mmoja, wawili wakizidi sana, na kila kazi inapotoka andika tarehe, aina ya kazi, idadi ya nyimbo, jumla ya dakika, prodyuza wa kila wimbo na walioshirikishwa. Acha mistari mitano mitupu chini yake. Mistari hiyo utaijaza baadaye, na usiijaze siku hiyohiyo.

Angalia sana aina ya kazi, maana hapa ndipo wahakiki wengi wanawaonea wasanii. Singo ni ahadi: inataka ikushike mara ya kwanza, na ni haki kuihukumu kwa hilo. Albamu ni nyumba: uliza kama vyumba vyake vinaungana, na kama wimbo wa nane ungehamia nafasi ya pili kungeharibika kitu. Mikstepu ni uwanja wa mazoezi. Ukiihukumu kwa kukosa mpangilio ni sawa na kumlaumu mchezaji kwa kutofunga mabao akiwa mazoezini. Kwenye mikstepu tafuta ujasiri, tafuta alichojaribu. Fristaili, yaani kuchana papo kwa papo, inapimwa kwa uwepesi wa akili. Rimiksi inapimwa kwa swali moja tu: je, kuna kilichoongezeka kweli, au ni jina la mgeni limebandikwa? Na toleo lililoongezewa nyimbo lipime kwa nyimbo zilizoongezwa peke yake. Usirudie kuisifu albamu ambayo uliisifu wiki iliyopita.

Jambo la tarehe nalo usilipuuze. Tangu 10 Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilikubaliana kazi mpya zitoke Ijumaa. Nyingi hufunguka saa sita usiku kwa saa za nchi uliyopo, ila kazi inayofuata saa za New York utaipata Mbeya saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea majira yao. Kwa hiyo usikeshe bila sababu, hasa Julai, baridi inaposhuka kutoka Loleza na vidole vinaganda kwenye simu. Tena hakikisha wimbo ni mpya kweli: kazi za zamani za wasanii hupandishwa upya kwenye mitandao, na tarehe unayoiona inaweza kuwa ya kupandishwa, si ya kurekodiwa. Sikiliza kama sauti yake inafanana na ya mwaka huu.

3. Panga bando

Wimbo ulio kwenye ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Kwenye kilobiti 320 unakula karibu mbili na nusu. Maana yake albamu ya dakika 44 itachukua kama megabaiti 42 kwa ubora wa chini na kama 106 kwa ubora wa juu. Video ya wimbo huohuo inakula mara kadhaa zaidi. Nenda kwenye mipangilio ya programu unayotumia, iwe Boomplay, Audiomack au Spotify, ushushe kwa ubora wa juu mara moja tu, kisha sikiliza bila intaneti. Ukitiririsha mara tatu umelipa mara tatu, na utajikuta unaogopa kurudia wimbo. Mhakiki anayeogopa kurudia hawezi kazi hii.

4. Sikiliza mara tatu, mahali patatu tofauti

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana nililijua kwa kukosea.

Mwaka wa kwanza nilipata albamu ya mchanaji ninayemfuatilia Ijumaa usiku, nikaisikiliza kwa spika ya simu nikiwa kitandani, na Jumamosi nikasimama mbele ya kipaza sauti nikasema ni nyepesi, haina uzito, ameishiwa. Jumatatu nilisafiri kwenda Iringa. Ni zaidi ya kilomita 300, na basi lilituchukua taratibu: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako. Nikavaa hedifoni nikaiweka tena toka mwanzo, kwa sababu tu sikuwa na kitu kingine kwenye simu. Tulipofika kwenye misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga nilikuwa nairudia mara ya pili, na niliona aibu. Besi yote niliyosema haipo ilikuwepo. Nyimbo tatu za mwisho zilikuwa mazungumzo ya mtu na marehemu baba yake, na mimi nilikuwa nimelala kabla hazijafika. Jumamosi iliyofuata nilisema hewani kwamba nilikosea, nikaeleza nilikosea wapi.

Sababu ya besi ni ya kawaida kabisa. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa vizuri sauti zilizo chini ya takriban hezi 200, na besi nzito za trap, tawi mojawapo la hip hop, zile zilizotokana na mashine ya Roland TR-808 iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, hukaa karibu na hezi 40 mpaka 60. Kwenye simu zinayeyuka. Ukimhukumu prodyuza kwa spika ya simu, umemhukumu kwa kitu ambacho hukukisikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mara ya kwanza, hedifoni masikioni, albamu yote toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuruka na bila kuandika. Safari ya basi inafaa sana. Kama huna safari, tembea kutoka Mafiati mpaka Uyole. Mara ya pili, kaa mezani na daftari, simamisha, rudisha, andika. Mara ya tatu, ipeleke kwa watu. Mimi huipeleka kwa kinyozi, au kwa kijana wa bajaji mwenye sabufa nyuma ya kiti. Hapo usiongee. Tazama ni wimbo gani unamfanya mtu aulize "huyu nani?" na ni wimbo gani unaofanya watu warudie kuongea mpira. Watu hao hawakupi hukumu, ila wanakuonyesha kitu ambacho hedifoni haziwezi kukuonyesha: kama wimbo unaweza kuishi nje ya kichwa chako.

Acha zipite angalau siku tatu kati ya kusikia mara ya kwanza na kuandika. Najua wengine watakuwa wameshasema kila kitu Ijumaa saa saba usiku. Waache.

5. Hesabu mapigo, mizani na vina

Chukua saa, gonga mguu kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukipata kati ya 85 na 95 uko kwenye mwendo wa hip hop ya zamani. Ukipata karibu 140 huenda ni trap au drill, tawi jingine la hip hop, ingawa kichwa chako kitatikisika kwa nusu yake, 70. Mstari mmoja wa kuchana ni mapigo manne. Kwa mwendo wa 90, mstari mmoja unachukua sekunde mbili na kitu, na mistari 16 inamalizika kwa sekunde 43 hivi. Ukishaizoea hesabu hii utagundua haraka msanii anayekuahidi vesi (beti za kuchana) mbili na kukupa mistari minane inayorudiwa.

Kwenye vina ndipo sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna silaha ambayo hatuitumii. Shuleni tulifundishwa shairi lina vina na mizani, mara nyingi 8 na 8, jumla 16 kwa mshororo. Mchanaji hafungwi na mizani hiyo, kwa sababu anafungwa na mapigo. Anaweza kuweka mizani 10 kwenye mstari mmoja na 22 kwenye unaofuata, mradi afike kwenye pigo la nne kwa wakati. Hesabu mizani ya mistari minane ya vesi unayoipenda na uandike namba zake. Kama zote ni 14, 14, 15, 14, huyo ana flo moja, yaani namna moja tu ya kupanga maneno juu ya mdundo. Kama zinapanda na kushuka halafu zinarudi, huyo anaucheza mdundo.

Kuhusu kina: Kiswahili kinatoa vina vya bure, na mhakiki lazima avitambue. Mchanaji akimaliza mistari na "tulipendana", "tukagombana", "tukaachana", hajafanya kazi yoyote. Kiambishi cha kutendana ndicho kimemfanyia. Vivyo hivyo "-isha" na "-ika". Hivyo ni vina, sikatai, ila havimgharimu kitu. Sasa tazama mistari hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Nimepanda gari asubuhi natoka Tunduma,
Mfukoni nina nauli tu, sitazami nyuma.

Kina ni "-uma", na kinaunganisha jina la mji na neno la mahali. Kinaweza kuendelea na "chuma" na "huruma", kila neno la ukoo wake. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "ndu" ya Tunduma na "nyu" ya nyuma zote zinabeba mkazo, na mchanaji anayejua kazi ataziangusha palepale snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inapolia. Hesabu na mizani: kila mstari una 16, sawa na mshororo wa shairi, ingawa haukukatwa nusu kwa nusu wala hauna kina cha kati.

Mchanaji mvivu hufanya kinyume chake: anavunja neno ili lifike kwenye pigo, mkazo unahamia silabi isiyo yake, na sikio lako linajikwaa bila kujua limejikwaa kwenye nini. Unapojikwaa, rudisha wimbo, sema neno hilo kama ungelisema sokoni Mwanjelwa, kisha linganisha. Kama vinatofautiana na hakuna sababu ya kisanaa, andika kwenye daftari. Kosa hili huongezeka msanii anaporekodi nyimbo nyingi kwa haraka, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha uchovu.

Kama mchanaji wako anachana kwa Kiingereza cha mitaa ya Atlanta au London, usijifanye umeelewa kila kitu. Tafuta maandishi ya mistari, uliza, na pale usipofika ongelea sauti, mdundo na mpangilio. Vitu hivyo havihitaji mkalimani.

6. Sikiliza anachorudia

Kila mchanaji anayetoa sana hurudia. Swali ni kama anarudia kama mtu anayechimba au kama mtu anayezunguka. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari andika maneno na picha zinazorudi: mama, gari, maadui, mtaa, Mungu, pombe. Weka alama kila zinapotokea katika kazi tatu mfululizo. Ukiona mama yake ametajwa kwenye nyimbo tisa, soma mistari hiyo tisa pamoja. Je, ya tisa inakuambia kitu ambacho ya kwanza haikusema? Kama ndiyo, anachimba, na hiyo ni habari kubwa ya kumpa msikilizaji. Kama mistari yote tisa ingeweza kubadilishana nafasi bila mtu kujua, sema hivyo, na utoe mfano.

Angalia pia mahali. Mchanaji akitaja Mbeya na kitu pekee anachokijua ni baridi, amepita tu na basi. Akitaja matope ya Kabwe siku ya mvua, au treni ya TAZARA inayochelewa huku watu wamekaa juu ya magunia, au anakusalimia "ugonile" kama mtu aliyeitikiwa salamu hiyo tangu utotoni, huyo ameishi. Kigezo hikihiki nakitumia kwa msanii wa nje: maelezo madogo ya kweli yana uzito kuliko jina kubwa la mji.

Kwa kolabo pima dakika. Kwenye kazi ya nyimbo 17, hesabu ni dakika ngapi msanii mwenyewe anachana. Nimewahi kukuta albamu ambayo wageni walibeba karibu nusu yake. Si dhambi, ila msikilizaji anayemtaka msanii huyo anastahili kujua.

7. Mpime kwa kazi zake mwenyewe

Usimlinganishe na mchanaji mwingine kwanza. Kumlinganisha na wengine kunaleta ugomvi wa mashabiki na hakumsaidii kinyozi wangu. Fungua daftari, tazama kazi tatu zilizopita, uliza: amebadilisha nini? Prodyuza ni yuleyule? Vesi zimefupika? Sauti imechoka? Je, kuna kitu alikijaribu mara ya mwisho kikashindwa, na sasa kimekaa?

Ndipo gawa nyimbo kwenye mafungu ya viazi. Sokoni: zile utakazomwambia mtu atumie bando lake kwa ajili yake, hata kama hamjui msanii. Nyumbani: za mashabiki, nzuri ila hazihitaji kusafiri. Mbegu: nyimbo ambazo hazijakamilika, pengine hata zina kasoro, lakini ndani yake kuna kitu kipya, flo ambayo hajawahi kuitumia, mada ambayo alikuwa anaikwepa, biti ya ala ngeni. Zilizooza: zile ambazo zingeachwa studio kazi isingepoteza kitu.

Fungu la mbegu ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Mashabiki wengi hawalioni, kwa sababu wanatafuta wimbo wa kuchezesha harusi. Msanii anayetoa kazi moja kwa miaka mitatu huficha mbegu zake. Anakuonyesha mazao tu. Huyu asiyepumzika anapanda mbele ya macho yako. Ukilikosa fungu hili, umeandika bei za sokoni tu.

8. Andika, kwa jibu kwanza

Maneno 300 yanatosha, au dakika tatu hewani. Anza na jibu la swali la kinyozi. Usianze na historia ya msanii. Mwenye kumpenda anaijua, asiyempenda hataisubiri.

Hii hapa tathmini ambayo haina kazi: "Jamaa ameua, albamu kali mwanzo mwisho, hakuna wimbo wa kuruka, mitaa inamuelewa." Ungeweza kuisema juu ya kazi yoyote ya mtu yeyote. Na hii nimeiandika kwa kazi ya kubuni, uone tofauti:

"Nyimbo 17, dakika 44. Shusha wa 3, wa 8 na wa 15. Wa 3 una vesi yake bora tangu mwaka jana: mistari 16 juu ya baba aliyekuwa dereva wa malori, na hakuna kina kimoja cha bure. Wa 8 ni wa kuchezwa kwenye sabufa, si kwenye simu. Wa 15 haujakamilika, kiitikio kinayumba, lakini kwa mara ya kwanza anachana polepole na anaacha ukimya katikati ya mistari, ukumbuke. Kuanzia wa 9 mpaka wa 13 mwendo ni uleule, karibu 140, na maadui ni walewale wa kazi mbili zilizopita. Kama wewe ni shabiki wake utazivumilia. Kama ndiyo unaanza kumsikiliza, anza na kazi yake iliyopita, kisha urudi kwenye hizi tatu."

Unaona kila sifa ina ushahidi na kila lawama ina namba ya wimbo. Mimi sitoi alama saba kwa kumi. Namba hiyo inagombaniwa na watu, na hakuna anayesoma maneno yaliyobaki.

9. Mipaka

Ukiletewa bahasha na meneja wa msanii, irudishe siku hiyohiyo. Kama msanii ni rafiki yako au mlisoma pamoja Iyunga, sema mwanzoni kabisa au mwachie mwenzako aandike. Mistari unayonukuu iwe michache, ya kuthibitisha hoja tu, na umtaje mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inakuruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki. Usimrushie mtu faili la albamu kwenye flashi kisha ujiite mhakiki. Kama kuna lugha ya matusi, taja kabla, kwa sababu redio husikilizwa jikoni na watoto wapo. Na uhakiki uwe wa kazi. Mke wake, deni lake na sura yake havikuhusu mpaka avitie mwenyewe kwenye wimbo, na hata akivitia, unahakiki alivyoviimba.

10. Rudi baada ya miezi mitatu

Weka tarehe kwenye simu. Siku ikifika, kabla hujasoma ulichoandika, jaribu kukumbuka nyimbo za kazi ile bila kuangalia. Andika zinazokuja. Kisha fungua daftari ulinganishe. Utakuta wimbo mmoja uliouweka sokoni umeusahau kabisa, na mmoja wa nyumbani unaupigia mluzi kila asubuhi. Jaza sasa ile mistari mitano uliyoiacha mitupu.

Halafu tazama fungu la mbegu. Mwaka jana niliandika juu ya wimbo mmoja wa mchanaji ninayemfuatilia, wa dakika moja na nusu, gitaa peke yake, hakuna ngoma, anachana kama anaongea na mtu aliyekaa naye kwenye benchi. Niliandika: "Haujaiva, ila usiufute." Kazi mbili zikapita bila kitu cha namna hiyo. Ya tatu ilipotoka, wimbo wa kwanza ulikuwa gitaa lilelile, sasa dakika nne, na ile sauti ya kwenye benchi. Niliingia saluni Jumamosi jioni nikakuta unalia kwenye sabufa, mteja kichwa kimenyolewa nusu, na kinyozi amesimama na mashine mkononi hajaiwasha tena, anasubiri vesi iishe.